Asemalo Mgeni Akirudi Kwao

Katika vitabu vya historia na katika midahalo ya shule zetu, wamisionari huhukumiwa kwa maswali mawili. La kwanza, walituletea nini? La pili, walitunyang'anya nini? Upande mmoja huhesabu hospitali, shule na alfabeti. Upande wa pili huhesabu ardhi, ngoma zilizokatazwa na majina ya wazee yaliyowekwa kando siku ya ubatizo. Mabishano hayo hayaishi, kwa kuwa kila upande unao ushahidi wake. Mimi nadai kwamba lipo swali la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote kwa mtu anayeutafakari utamaduni wa taifa: walisema nini juu yetu walipokuwa kwao?

Tuitazame familia ya mmisionari wa Kibaptisti iliyo kwao likizoni, ikijiandaa kurejea kazini ng'ambo. Tangu karne ya 19 mwendo wake haukubadilika sana. Baba na mama wamekaa miaka kadhaa katika nchi ya watu. Sasa wamerudi kupumzika, kutibiwa na kuonana na wazee wao. Lakini likizo hiyo yenyewe ni kazi. Kila Jumapili wako katika kanisa jingine. Husimama mimbarani, husimulia, huonyesha picha, hujibu maswali, na sahani ya sadaka hupitishwa. Zikipatikana fedha za kutosha masanduku hufungwa, watoto wakubwa hutafutiwa shule au jamaa wa kuwalea, ibada ya kuagana hufanywa, na safari huanza. Sisi tunaowalaki wakirudi hatukuwamo katika makanisa yale, wala hatukuyasikia yaliyosemwa. Wahenga walinena: asiyekuwepo na lake halipo.

Hapo, na si penginepo, ndipo sura ya mtu mweusi ilipochongwa machoni mwa watu wa kawaida wa Ulaya na Marekani. Mkulima au fundi viatu wa huko hakuwahi kufika kwetu, wala hakuwa na mjumbe wetu wa kumuuliza. Alijua alichoambiwa. Naye msimulizi alikuwa na haja yake, na mwamba ngoma huvutia kwake. Anayesema kwamba watu wa bonde fulani wana sheria zao, tungo zao, adabu za kuamkiana na waganga wanaoijua mizizi, amesema kweli, lakini huenda sahani yake ikarudi nyepesi. Anayesema kwamba wako gizani, uchi na wenye njaa, sahani yake itarudi nzito. Simwiti kila mmisionari mwongo. Nasema kwamba mpango wenyewe ulikuwa ukiulipa uongo ujira mkubwa kuliko kweli.

Uhodari wa kuukataa ujira huo haukukosekana. Adoniram Judson, Mmarekani, alifika Rangoon, nchini Burma, mwaka 1813. Aliitafsiri Biblia nzima kwa Kiburma, akaimaliza mwaka 1834. Hakuiona Marekani tena mpaka mwaka 1845, baada ya miaka 33, alipolazimika kumsafirisha mkewe Sarah aliyekuwa mgonjwa. Naye Sarah akafa njiani, akazikwa katika kisiwa cha St. Helena. Judson alifika Boston akiwa na kifua kibovu, sauti imekauka, ikawa lazima anong'one na mtu mwingine amkaririe mbele ya hadhira. Watu walimiminika makanisani wakitazamia habari za jela, chui na wafalme wakatili. Siku moja, baada ya kuhubiri, aliambiwa kuwa wasikilizaji walisikitika kwa kukosa kisa cha kusisimua. Alijibu kwa maana hii, kwamba hakuwa na habari iliyo kubwa kuliko Injili yenyewe. Mwaka uliofuata alipanda meli pamoja na mke mpya, Emily, akawaacha watoto wake wakubwa Marekani, akarudi Burma, na mwaka 1850 akafia baharini. Tunaweza kuikataa dini yake au kuikubali; lakini alikataa kuwauza Waburma kwa visa.

Sasa tugeuze ukurasa. Mwaka ule ule wa 1845, mjini Augusta katika jimbo la Georgia, Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao wa kaskazini. Sababu haikuwa ubatizo wala Maandiko. Bodi ya misheni ilikuwa imekataa kumtuma kuwa mmisionari mtu anayemiliki watumwa. Ndivyo lilivyozaliwa Shirikisho la Wabaptisti wa Kusini, ambalo baadaye lilipata kuwa mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya kutuma wamisionari duniani. Wamisionari wake ndio walioanzisha kazi hapa Tanganyika mwaka 1956, wakajenga hospitali Mbeya na chuo cha theolojia karibu na Arusha. Shirikisho hilo liliomba radhi rasmi kwa dhambi ya utumwa na ubaguzi mwaka 1995, yaani baada ya miaka 150. Nauliza: katika miaka ile yote, familia iliyorudi likizoni kutoka Afrika iliweza kusema nini mbele ya kanisa ambalo mlango wake wa mbele haukufunguliwa kwa Mwafrika? Ingesema kwamba Mwafrika ni ndugu wa kula naye meza moja, au kwamba ni maskini wa kutupiwa senti kutoka mbali? Senti za mbali hazikumtaka mtoaji aamkiane na jirani yake mweusi.

Ukumbukwe pia upande ambao vitabu vyetu huusahau. Miaka ya 1840 walifika pwani ya Kamerun Wabaptisti kutoka Jamaika, watu weusi, watoto wa watumwa na wengine waliozaliwa utumwani wenyewe. Joseph Merrick alijifunza Kiisubu, akakitafsiria Maandiko; alikufa baharini mwaka 1849 akiwa safarini kwenda likizo. Joseph Jackson Fuller alikaa Kamerun mpaka miaka ya 1880. Kwa watu hawa neno kurudi lilikuwa na maana nyingine kabisa, kwani babu zao walivushwa bahari hiyo hiyo wakiwa katika minyororo. Hata hivyo ukimwuliza mwanafunzi wa sekondari awataje wamisionari watano, atakutajia Wazungu watano.

Kisha Kongo. Mwingereza William Holman Bentley, wa Chama cha Misheni cha Wabaptisti, alikwenda likizo kwao mwaka 1884 pamoja na kijana Mkongo aitwaye Nlemvo. Wengine walikwenda kupumzika. Nlemvo alikwenda kufanya kazi ya kamusi. Neno kwa neno, maana kwa maana, Mzungu aliuliza na kijana akajibu. Mwaka 1887 kamusi na sarufi ya Kikongo ilitolewa London, na mwaka 1893 Agano Jipya. Bentley hakuuficha msaada wa Nlemvo. Lakini jalada lina jina moja, na ndilo linalotajwa katika maktaba zote za dunia. Jambo hili halikuwa la Kongo peke yake. Ludwig Krapf, ambaye hakuwa Mbaptisti, alipoanza mwaka 1844 kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa, alisaidiwa na kadhi Ali bin Mohiuddin wa Barawa. Ni mwalimu yupi amtajaye?

Katika Kongo hiyo hiyo ndipo likizo ilipokuwa mizani ya haki. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliifanya nchi ile shamba lake la mpira. Aliyepunguza kiasi alipigwa, alifungwa, aliuawa, na mikono ilikatwa. Wamisionari waliona. Wengine walirudi kwao wakanyamaza ili wasinyimwe vibali vya vituo vipya. Mwaka 1903 ujumbe wa chama cha Wabaptisti wa Uingereza ulikwenda kwa Leopold kumshukuru. Lakini E. V. Sjöblom, Mswidi wa misheni ya Wabaptisti wa Marekani, alikuwa amekwisha kusema hadharani mjini London mwaka 1897. Nao John na Alice Harris, wa misheni jirani, walikuwa Baringa mwaka 1904 Nsala alipowaletea mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali. Alice akampiga picha baba huyo akiwa ameketi, anavitazama. Waliporudi kwao picha hiyo ilizungushwa katika kumbi za Uingereza na Marekani, na mwaka 1908 Leopold akaondolewa nchi mkononi. Hiyo ndiyo likizo iliyolipa deni la ugeni.

Hata hapo tusishangilie mpaka tukajisahau. Mwaka ule wa 1904 tume ya uchunguzi ilipofika Baringa, jumbe Lontulu alileta vijiti 110, akavipanga mmoja baada ya mwingine, kila kijiti ni mtu wake aliyeuawa. Ripoti ilichapishwa mwaka 1905. Maneno ya mashahidi Waafrika hayakuchapishwa, yakafungiwa makabatini kwa miaka mingi. Picha ya Mzungu ilisafiri, vijiti vya Lontulu havikusafiri.

Watanijibu wengine: Je, si wao waliotupa maandishi? La. Walitupa maandishi ya Kirumi na mitambo ya kuchapia, na kwa hayo tuseme asante. Lakini nakala ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1728, zaidi ya miaka 100 kabla ya Krapf kutia mguu Mombasa. Watanijibu wengine kwa ukali zaidi: wote walikuwa vibaraka wa ukoloni, wachomwe pamoja. Hao nao wamekosea, kwa kuwa wakimchoma Sjöblom pamoja na walionyamaza, wanawafundisha vijana kwamba kusema kweli na kunyamaza ni mamoja. Na tena wakiwachoma wamisionari, wanamchoma Nlemvo ndani yao.

Na sisi je? Neno hili limtie uchungu kila mtumishi wa umma aliyepelekwa ng'ambo kusoma, akaulizwa juu ya kwao, akacheka na kusimulia vichekesho vya kijijini ili apendwe mezani. Limtie uchungu kila kiongozi wa chama cha hisani anayempanga mtoto mwenye kamasi mbele ya kamera, huku akimkataza asitabasamu, ili wafadhili waguswe. Huyo si mmisionari wala si Mzungu. Ameirithi sahani ile ile, anaipitisha yeye mwenyewe, na mtoto aliyepigwa picha hataambiwa kamwe picha yake ilifika wapi.

Kwa hiyo nawasihi walimu mambo mawili. Kwanza, kila shule iliyo karibu na misheni ya zamani iwatume wanafunzi kwa wazee wakaulize: ni nani waliomfundisha mgeni lugha yetu? Ni nani aliyemkalimania, aliyempikia, aliyewatibu watoto wake homa? Majina hayo yaandikwe katika daftari la shule yangali yanakumbukwa. Pili, mwanafunzi afundishwe kumwuliza mgeni kwa heshima zote, hasa yule anayefunga masanduku kwenda likizo: Ndugu, utawaambia nini juu yetu? Mgeni mwema hataudhika. Atakaa kitako ajibu, na huenda akaomba asaidiwe la kusema. Mgeni atakayeudhika naye atakuwa amejibu.

Tusingoje lakini kusimuliwa vizuri na wengine. Taifa linalotegemea hisani ya msimulizi halina sauti, hata kama msimulizi ni mkweli kama Judson. Vijiti vya Lontulu vilikuwa maandishi tosha. Kilichokosekana ni mtu wake wa kuvipeleka. Leo tunao wanaojua kusoma, kuandika na kusafiri, wala hatuna udhuru.