Kabla ya Kumhukumu Mvuvi, Kagueni Nadharia Yenu

Kuna kauli inayozagaa Kibirizi, Katonga na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, maofisini hata vijiweni: mvuvi hafikirii kesho. Akipata anatumia, samaki wakipungua anashusha wavu wenye matundu madogo zaidi. Anayesema hivyo hujigamba kwamba hana haja na nadharia, kwani ameyaona kwa macho yake.

Ameona nini? Ameona wavu. Hiyo "kutofikiria kesho" hakuna aliyeiona. Ni nadharia tayari, tena isiyokaguliwa, na madhara yake yanamwangukia mvuvi.

Wavu huo una maelezo mawili. Huenda mvuvi anaijua hasara, ila tamaa ya leo inamshinda. Au anajua kwamba dagaa wachanga atakaowaacha usiku huu watavuliwa na mwingine, wa hapa au wa ng'ambo, maana ziwa ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwa macho, watu hawa wawili hawatofautiani. Nadharia ndiyo inayotuonyesha watakapoachana njia: wa kwanza ataingia ziwani hata wenzake wakitulia, wa pili atatulia akiwa na hakika kwamba wenzake wametulia.

Na dawa zao ni mbalimbali. Wa kwanza msaidie kuweka akiba. Wa pili anataka kanuni inayowabana wote. Elinor Ostrom, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wa mali ya pamoja wanaweza kuilinda wenyewe wakijiwekea kanuni na kusimamiana. Alikwenda kwa watu akiwa na nadharia, ndiyo maana alijua la kuuliza.

Serikali ya Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, swali lenye uzito lilikuwa hili: nani alitii kwa sababu wenzake walitii, na nani alivua usiku kwa siri hata hivyo? Idadi ya nyavu zilizokamatwa haitoi jibu.

Na hata kabla ya jibu hilo, mtu anayewekeza fedha zake kwenye mtumbwi na mashine, anayepanga safari kwa kufuata giza la mwezi na kushona nyavu mbalamwezi ikiwaka, kesho anaijua vizuri.

Basi maofisa uvuvi na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, kabla ya semina nyingine ya kumfundisha mvuvi kuwaza kesho, itajeni nadharia yenu hadharani, mseme na ushahidi gani utawafanya muiache. Asiyeweza kusema hayo hana haki ya kumhukumu mvuvi.