Msafara Hauzibi Njia

Liko neno lisemwalo Uingereza kila mwaka, majani yakisha kupukutika na siku zikawa fupi. Husemwa na baadhi ya wenye motokaa juu ya vikundi vya wapanda baisikeli waendao pamoja, aghalabu siku ya Jumapili, katika njia nyembamba za mashambani. Neno lenyewe ni hili: "Wanaziba njia." Wanafunzi wetu walioko huko hulisikia, na wengine hulirudia kwa Kiswahili kana kwamba ni kweli isiyohitaji ushahidi. Makala haya yana dai moja: neno hilo si kweli, na uongo wake una hatari kwa maisha ya watu.

Kwanza na tuiulize lugha yenyewe. Kizibo ni kitu kikaacho mahali pamoja. Na kikizidi kuudhi, hung'olewa. Mtu aendaye hazibi. Watu 12 waendao kilomita 20 kwa saa, kila mmoja akimwangalia mwenziwe, wana jina lao katika Kiswahili tangu zamani, nalo ni msafara. Msafara una desturi zake. Mbele hukaa kirangozi ajuaye njia. Nyuma hukaa mwenye nguvu, ambaye kazi yake ni kuona kwamba hapana aliyeachwa. Na mwendo wa wote hupimwa kwa mnyonge wao. Hivyo ndivyo vikundi hivyo viendavyo. Wa mbele akiona shimo au barafu hupaza sauti, na neno hupokewa hata likafika kwa wa mwisho. Madigadi ya gurudumu la nyuma hayamfai mwenyewe kama yamfaavyo afuataye, ambaye ndiye angerushiwa tope. Nyua za miti yenye miiba hukatwa wakati wa baridi, kwa sababu ukataji wake hukatazwa tangu tarehe 1 Machi hata 31 Agosti ili ndege walee makinda. Basi mwiba ukitoboa mpira, wote husimama: huyu ashike gurudumu, yule atoe pampu. Hapo katika baridi kali, mtu wa peke yake mwenye vidole vilivyokufa ganzi angekuwa taabuni.

Wapinzani hujibu: "Sawa, ni msafara, lakini waende mstari mmoja, tupate kupita." Hoja hii yaonekana ya haki mpaka mtu achukue kipimo. Njia nyingi za namna hiyo, kama zile za Devon zilizozama baina ya kingo ndefu, hazizidi upana wa mita 3 au 4. Kanuni za barabara za Uingereza zamtaka mpanda baisikeli akae nusu mita au zaidi kutoka ukingoni, na zamtaka mwenye motokaa aache mita 1.5 au zaidi anapompita, hata mwendo wake ukiwa mdogo. Ongeza upana wa mpandaji, kama mita 0.6, na wa motokaa, kama mita 1.8, jumla ni mita 4.4. Njia haitoshi! Asiyeweza kuwapita wawili walio ubavu kwa ubavu hawezi kumpita mmoja pia, ila kwa kuivunja kanuni na kuuchezea uhai wa mtu. Kwa hiyo aombaye mstari mmoja hapo haombi nafasi, maana nafasi haipo. Aomba ruhusa ya kujipenyeza.

Na pale njia ipanukapo pakatosha kupita, hesabu yaelekea upande ule ule. Baisikeli moja ina urefu wa kama mita 1.8. Wapandaji 12 katika mstari mmoja, wakiachana mita 2, hushika mita 44 hivi za njia. Wakienda wawili wawili hushika mita 21. Mwenye haraka ya kweli angependelea kupita mita ngapi kabla ya kona?

Kanuni hizo, tangu zilipobadilishwa mwezi wa Januari 2022, zasema waziwazi kwamba inaruhusiwa kwenda wawili wawili, na kwamba huenda ikawa salama zaidi, hasa katika vikundi vikubwa au pamoja na watoto na wasio wazoefu. Hatufichi kwamba kanuni hizo hizo zawataka wapandaji wawaangalie walio nyuma yao, na kuwapisha wanapoona ni salama. Kikundi kikataacho kupisha penye nafasi chastahili lawama, nasi hatukitetei. Lakini angalia ni nani aliyepewa kuamua kama ni salama: ni yule ambaye mwili wake hauna bati la kuukinga.

Husemwa pia kwamba wakati wa baridi wangekaa nyumbani. Hoja hii yawahukumu wenye motokaa kuliko wapandaji. Katika nyingi za njia hizo sheria yaruhusu mwendo wa hata kilomita 96 kwa saa. Kwa mwendo huo motokaa huhitaji mita 73 ili isimame penye ukavu, na penye barafu umbali waweza kuzidi mara kumi. Kama jua la chini lamchoma dereva machoni, na kona haionyeshi kilicho mbele, dawa ni kupunguza mwendo. Maana nyuma ya kona hiyo huenda pakawa na farasi, trekta, au mtoto. Je, hao nao wakae nyumbani mpaka majira ya joto?

Takwimu za serikali ya huko zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wapanda baisikeli wafao barabarani hufia katika barabara za mashambani, ingawa safari zao nyingi hufanywa mijini. Wala wao si wageni njiani. Chama chao cha safari kiliundwa mwaka 1878, na sheria ya mwaka 1888 ikaihesabu baisikeli kuwa gari miongoni mwa magari, kabla motokaa hazijaonekana katika njia za nchi hiyo.

Basi sisi tufundishao lugha, pamoja na wanafunzi wetu, tusilitafsiri neno lile pasipo kulipima. Anayemwita mwenziwe kizibo amekwisha kumtoa katika hesabu ya watu, na hatua ya kumsukuma ukingoni huwa fupi. Tuwaite kwa jina lao, msafara. Na mwenye haraka akiukuta mbele yake, angoje mpaka njia ipanuke.