Kuni za Bure

Neno mafiga, kwa kila msemaji wa Kiswahili, ni yale mawe matatu yanayobeba chungu juu ya moto. Nami niishiye katika kata yenye jina hilo hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, nadhani nina ruhusa ya kusema machache juu ya moto. Iko itikadi iliyozoeleka miongoni mwetu, kwa wafyatuaji wa matofali, kwa wapika pombe, kwa waoka mikate wa vijijini, hata kwa wasomi wanaowaandikia makadirio ya gharama, kwamba kuni ni za bure. Itikadi hiyo naikana, tena si kwa ajili ya mlima, maana wa kuulilia mlima ni wengi, bali kwa ajili ya mfuko wa huyo huyo mchomaji.

Majuzi nilisimama kando ya tanuri la matofali katika bonde la Ngerengere, jua likichwa. Midomo mitatu ilikuwa ikiwaka, na katika kila mdomo limesukumwa gogo zima, bichi, gome lake lingali limeshika, na ncha iliyobaki nje ilikuwa ikitoa povu na kulia chwii kama kikaango. Povu lile ni maji. Kilo moja ya kuni kavu kabisa hutoa joto la megajuli 18 hivi. Kuni ambayo nusu ya uzito wake ni maji haitoi hata nusu ya hilo, kwa kuwa moto hugeuka mtumishi wa kuchemsha maji ya mti wenyewe kabla haujalifikia tofali. Mchomaji auona moshi mzito, hudhani kazi inakwenda.

Israfu haikomi hapo. Kuta za tanuri hazikukandikwa sawasawa, na moto ulikuwa ukitoroka katika nyufa kwenda kuwapasha joto popo. Udongo hauwi tofali ila upate moto wa nyuzi joto 800 na zaidi, tena kwa saa nyingi. Basi tanuri linalovuja humaliza magogo bila kutimiza kazi, na siku ya kulibomoa utayakuta matofali ya mdomoni yameshikana kama halua, ilhali ya pembeni ni udongo mtupu, mvua moja yarudi yalikotoka. Hayo nayo yamekula kuni.

Nilimwuliza kijana mwenye tanuri hesabu yake. Alinitajia idadi ya matofali, ujira wa wafyatuaji, malipo ya maji ya mkokoteni, hata sukari ya uji wa vibarua, kuni hakuzitaja.

"Kuni si tunakata tu, mzee."

Kama angekuwa akiyanunua magogo yale kwa fedha taslimu, angeyapasua, angeyaanika kiangazi kizima, angelikandika tanuri lake hata tundu la sindano lisionekane, na angechanganya pumba za mpunga katika udongo ili tofali liungue kwa ndani pia. Na pumba katika mkoa huu si adimu, mashine za kukoboa huzirundika nje vichuguu kwa vichuguu. Viwanda vya sukari vya Mtibwa na Kilombero, navyo vya mkoa huu huu, huchoma makapi ya miwa yao kuendeshea mitambo, wala si kwa uchamungu: wana mtu wa hesabu.

Wapo watakaonijibu kwamba dawa ni gesi. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 wataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na ni jambo jema, lakini lahusu sufuria. Sijauona mtungi wa gesi uliochoma matofali elfu kumi kijijini, mwenyewe akapata faida. Na tukikaa kuungoja, udongo wa Uluguru utazidi kushuka na Ngerengere hata Bwawa la Mindu, ambalo ndilo tunalokunywa maji yake.

Kabla ya kuagana nilimwuliza yule kijana swali moja zaidi. "Mwanangu, gogo hili ukimpelekea mama lishe pale mjini, atakupa shilingi ngapi?"

Akanitajia bei papo hapo, hakukawia hata nukta. Kisha akaigeukia midomo ya tanuri, yote mitatu, akaitazama jinsi ilivyokuwa ikimeza.