Kompyuta ilikufa, daftari likafufuka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hawakutuambia tufanyeje iwapo daftari lenyewe limo ndani ya mashine iliyokufa. Swali hilo nilikutana nalo Desemba iliyopita nilipokwenda nyumbani Ruiri, kule Meru, kwenye barabara inayotoka Meru mjini kuelekea Isiolo.

Anayeijua Ruiri anajua kwamba jambo linalowakutanisha watu haraka kuliko harusi ni maji. Katika miaka ya 1990, Baba Mdogo, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu, alikuwa katibu wa kikundi kidogo cha maji. Kila boma lilitoa shilingi 4,500 kwa awamu tatu ili mabomba yanunuliwe. Mabomba hayo yamezeeka, na kamati mpya imeamua kuyabadilisha. Ikatangaza kwamba asiye na uthibitisho wa mchango wake wa kwanza atahesabiwa kuwa mwanachama mpya, na atalipa kiingilio cha leo, ambacho si mchezo.

Daftari la karatasi lililiwa na mchwa zamani. Jirani yetu mmoja, nyanya mjane, hakuwa na risiti hata moja. "Mume wangu alilipa," alisema mkutanoni. Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Tunakuamini, Mama, lakini kamati haiwezi kuandika imani kitabuni."

Hapo ndipo Baba Mdogo alipokumbuka kompyuta yake.

Vijana wa leo hawawezi kujua jinsi kompyuta ilivyoheshimiwa siku hizo. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne alipelekwa chuo kusomea "pakeji": MS-DOS, WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase. Katika vyuo vingi ulivua viatu mlangoni, usije ukaiingizia mashine vumbi. Baba Mdogo alinunua yake ikiwa mitumba mwaka wa 1994, ya aina iliyoitwa 386, na kijana mmoja aliyesomea Nairobi akamwandikia programu ya kuweka hesabu za kikundi. Kijana huyo alienda ng'ambo. Kompyuta nayo ilikufa siku umeme uliporudi kwa kishindo. Zilizobaki ni disketi saba ndani ya mkebe wa biskuti, juu ya kabati.

Binti yake wa mwisho, anayesoma chuo kikuu, alinunua kifaa cha kusomea disketi katika barabara ya Luthuli, Nairobi, kile kinachochomekwa kando ya kompyuta ya kisasa. Disketi mbili zilikuwa zimeota ukungu, hazikusomeka kamwe. Tano zilisomeka. Moja ilikuwa na mfumo endeshi wa MS-DOS, na nyingine ilikuwa na programu ya kikundi pamoja na hesabu zake.

Tulishangilia mapema. Alipoibonyeza ile programu, kompyuta yake ilikataa katakata. Windows ya leo ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 za enzi ya MS-DOS. Kulifungua faili la hesabu peke yake hakukusaidia pia, kwa maana yule kijana alilipanga kwa namna yake mwenyewe. Ni programu yake tu iliyojua jina liko wapi na fedha ziko wapi.

"Basi tutaitafutia programu hii kompyuta ya mwaka wa 1994," binti akasema.

"Utaitoa wapi?" Baba Mdogo akauliza.

"Nitaiigiza, Baba."

Je, kompyuta huigizwaje? Mnaukumbuka mchezo wa kalongolongo? Mtoto mmoja huwa baba, mwingine mama, kifuniko cha chupa huwa sufuria na udongo huwa ugali. Programu iitwayo emuleta hucheza kalongolongo la kompyuta, ila huucheza kwa uaminifu hata mgeni aliyekaribishwa akala ule ugali na kushiba. Mgeni huyo ni mfumo endeshi wa zamani.

Mfumo endeshi kazi yake ni kutoa amri. Huiambia prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta: jumlisha namba hizi mbili. Huiambia diski: nipe yaliyo katika sehemu ya kwanza. Huiambia skrini: andika herufi A. Emuleta hupokea kila amri na kujibu vilevile ambavyo mashine ya zamani ingejibu. Kumbukumbu ya kompyuta kuukuu ni eneo dogo lililotengwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta mpya. Skrini yake ni dirisha moja kwenye skrini mpya. Disketi ni faili moja la baiti 1,474,560, nakala kamili ya ile ya plastiki. Hakuna hata herufi moja ya mfumo endeshi inayobadilishwa. Unaamka, unajiona uko mwaka wa 1994, na unaanza kazi.

Wazo hili si geni. Mwingereza Alan Turing alionyesha mwaka wa 1936 kwamba mashine moja, ikipewa maelezo kamili ya mashine nyingine, inaweza kufanya kazi zote za hiyo nyingine. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta zake za System/360, na baadhi ya hizo ziliweza kujifanya IBM 1401, mashine ya zamani kidogo, ili wateja wasilazimike kuzitupa programu walizokwisha kuzigharamia. Kwa hiyo kilio cha Ruiri ni kilio cha wenye makampuni makubwa pia: mashine huchakaa upesi kuliko kazi iliyofanywa juu yake.

Waingereza wenyewe waliwahi kushikwa na aibu ya namna hii. Mwaka wa 1086, kwa amri ya mfalme wao, mali ya nchi iliandikwa, na kitabu hicho, Domesday, kinasomeka hadi leo. Ili kuadhimisha miaka 900 mwaka wa 1986, shirika la BBC liliwaomba wananchi, wakiwamo watoto wa shule, waandike habari za maisha ya kwao. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki. Kazi yote ikawekwa kwenye diski za leza zilizohitaji mashine za pekee. Haikupita miaka 20, mashine hizo zikawa adimu, na kitabu kipya kikawa hatarini kuliko kile cha miaka 900! Mwaka wa 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha kwamba kazi hiyo ingeweza kusomwa tena kwa kuiigiza mashine yake ndani ya kompyuta ya kawaida.

Turudi Ruiri. Binti alianza na emuleta iitwayo QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka wa 2003. MS-DOS ikaamka, herufi zake nyeupe juu ya weusi, na Baba Mdogo akapiga makofi. Lakini alipoita programu ya kikundi, ilikatika papo hapo na kuacha ujumbe wa kosa nambari 200.

Wanafunzi, sikilizeni kisa hiki kwa makini. Programu ile iliandikwa kwa Turbo Pascal. Nyingi za programu hizo, zikianza tu, huipima kasi ya kompyuta: huhesabu mara ngapi inaweza kurudia kazi fulani wakati saa yake inapopiga pigo moja, ambalo ni milisekunde 55. Kisha hesabu hiyo hugawanywa kwa 55, na jibu huwekwa mahali pa biti 16, pasipoweza kubeba namba inayozidi 65,535. Kwenye 386 jibu lilienea bila taabu. Waandishi wa Turbo Pascal hawakuota kwamba siku moja kompyuta zingekuwa na mbio hivyo hata jibu lifurike. Mashine ikizidi kasi, kibaba hufurika na programu hufa. Ajabu iliyoje: kazi ya mzee ilishindwa kwa sababu mashine mpya ilikuwa hodari mno!

Dawa yake ni mwigizaji mwenye subira. Kuna emuleta iitwayo 86Box, iliyotokana na nyingine iitwayo PCem. Hiyo haiigizi amri peke yake, huigiza hata mwendo. Unaichagulia aina ya prosesa, kasi yake na ukubwa wa kumbukumbu, kama fundi anayeunga kompyuta mezani. Binti akachagua 386 ya megahezi 25 na kumbukumbu ya megabaiti 4. Kompyuta yenye nguvu maelfu ikatembea polepole kama mzee anayepanda mlima.

Ikawaka. Programu ikafunguka. Baba Mdogo, bila kuulizwa, akanyoosha kidole na kubonyeza kitufe alichokizoea miaka ile. Vidole havikusahau.

Majina yakashuka moja baada ya jingine, mengine ya watu tuliokwisha kuwazika. Jina la mume wa nyanya lilikuwamo. Mchango wa kwanza, shilingi 1,500. Wa pili, shilingi 1,500. Mahali pa mchango wa tatu palikuwa patupu.

Kimya kilitanda mezani. Labda alilipa na haikuandikwa, labda hakulipa. Emuleta huigiza mashine, haiigizi ukweli ambao mtu hakuuandika. Baba Mdogo hakutaka kubadilisha kitu. Alimwita nyanya na kumwonyesha skrini. Nyanya aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mbili alilipa. Ya tatu mwaka ule alikuwa mgonjwa. Nitailipa mimi." Kamati ilikubali: jina lake lirudi kwenye orodha ya wanachama wa kwanza, na deni ni la awamu moja tu. Boma kadhaa nyingine nazo zilipata haki yao siku hiyo.

Je, wewe msomaji una nini juu ya kabati? Labda ni orodha ya ukoo, hesabu za chama, tasnifu ya marehemu baba, au picha za harusi kwenye sidii. Usingoje mpaka siku ya ugomvi. Kwanza, fanya nakala sasa hivi. Emuleta inaweza kufufua kompyuta iliyokufa, lakini haifufui disketi iliyoota ukungu. Pili, nakili disketi nzima, pamoja na programu na mfumo endeshi, wala si lile faili la mwisho peke yake. Tatu, weka nakala mahali pawili palipo mbali. Nne, chapisha yaliyo muhimu kwenye karatasi, ingawa mchwa nao ni wanafunzi wenye bidii.

Na vijana wanaotaka kujaribu, emuleta nilizozitaja ni za bure. Kumbukeni tu kwamba programu kuukuu bado ina mwenyewe. Asiye na MS-DOS yake anaweza kutumia FreeDOS, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka wa 1994 na Mmarekani Jim Hall, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Microsoft nayo iliruhusu msimbo wa MS-DOS 4.00 utumiwe kwa hiari mwezi wa Aprili 2024. Mwenye kupenda kujua kompyuta inavyofanya kazi hatapata mwalimu bora kuliko mashine ndogo anayoweza kuiwasha, kuiharibu na kuiwasha tena bila gharama.

Niliporudi Nairobi, Baba Mdogo alikuwa bado ameketi mbele ya lile dirisha dogo jeusi. Disketi saba alizirudisha ndani ya mkebe wa biskuti, hata zile mbili zilizooza. Nilipomwuliza za nini, alinijibu kwamba hata mtu akifa hatupwi, huzikwa.

Hadi Jumapili ijayo, fungua ule mkebe wako.