Kodi Yako Haikununua Usingizi Wangu

Kuna sentensi moja ambayo ukihamia fleti hapa Voi lazima utaisikia kabla hujamaliza mwezi wa pili: "Kama hutaki kelele, si ukajenge kwako." Inasemwa na kijana wa floo ya juu akiwa ameegemea mlango, ngoma bado inadunda nyuma yake. Inasemwa na keyateka huku akicheka. Wakati mwingine inasemwa hata na mtu ambaye mwenyewe halali, kwa sababu alishaamua kitambo kwamba mpangaji hana haki ya kulalamika. Hiyo sentensi ni upuzi. Na tumeiacha itawale ploti zetu muda mrefu mno.

Tuanze na joto, kwa sababu hapa kila kitu kinaanza na joto. Mtu wa Nairobi akishauri kuhusu jirani mwenye kelele atakuambia ufunge dirisha. Asante sana. Voi imekaa kwenye nyika, chini ya mlima Sagalla, na usiku wa Februari ukifunga dirisha unaokwa kama mkate. Kwa hiyo madirisha ya fleti nzima yako wazi, milango ya balkoni iko wazi, na wale wa bedsita wanaacha hata mlango wa mbele wazi na kuteremsha pazia tu. Maana yake ni kwamba ploti ya nyumba ishirini, ikifika usiku, inakuwa chumba kimoja kikubwa chenye mapazia. Anayefungulia wufa humo hajifungulii peke yake. Ametufungulia sote, bila kutuuliza tunataka kusikiliza nini.

Na hata hao wachache wenye feni, waliojifungia ndani, hawaponi. Ukuta kati ya nyumba na nyumba mara nyingi ni safu moja tu ya bloku, plasta huku, plasta kule, rangi juu. Soketi yako na yangu zimepigwa mgongo kwa mgongo. Sauti nyembamba, kama mtu anayeongea au gitaa, inapungua sana ikigonga ukuta kama huo. Besi haijali. Sauti ya hetzi 50, ile ya "dum" inayokaa kifuani, wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita saba. Chumba chako ni mita tatu kwa tatu. Wimbi kama hilo halizuiwi na pazia, wala zulia, wala trei za mayai zilizogundishwa ukutani kama studio. (Trei za mayai zinapunguza mwangwi kidogo wa sauti za juu, basi. Kwa besi ni pambo.) Njia kubwa ya besi hata si hewa. Wufa imekalia sakafu, sakafu ni slebu, slebu ndiyo dari yangu. Yaani umeweka spika juu ya kichwa changu halafu unashangaa nikikuambia naisikia.

Ndiyo maana yule kijana akisema "lakini volyumu iko chini", mara nyingi hadanganyi. Kwake iko chini kweli. Anasikia wimbo mzima, maneno na vinanda, kwa kiasi cha kawaida. Sisi wa chini tunapata mtikisiko peke yake, bila wimbo. Huo ndio ugomvi usioisha: yeye anazungumza juu ya muziki, sisi tunazungumza juu ya nyundo.

Sasa niambie nani amelala saa hizo. Huu ni mji wa shifti. Barabara ya Mombasa inapita hapa, na reli ya SGR tangu 2017, na lango la Tsavo East liko pale pale. Katika ploti moja utampata nesi aliyetoka zamu ya usiku, askari wa kampuni ya ulinzi anayelala mchana, dereva wa lori aliyepata saa tano za kupumzika kabla ya kuendelea, dereva wa watalii anayetakiwa kuwa getini jua likichomoza, mama anayeamka saa kumi kukanda unga wa mahamri, na mwanafunzi wa chuo mwenye mtihani Jumatatu. Usingizi wa hawa watu si starehe. Ni sehemu ya kazi. Dereva asiyelala usiku huu, kesho yuko barabarani kati ya Maungu na Mtito akiwa na abiria nyuma. Unapomnyima usingizi umechukua kitu chake, tena kitu ambacho hawezi kununua kingine dukani.

Najua majibu, nimeshayasikia yote.

"Nimelipa kodi." Hata mimi. Kodi yako imenunua nafasi iliyo kati ya kuta zako. Haikununua sakafu kama chombo cha ngoma, wala haikununua hewa inayoingia kwa dirisha langu. Ukimwaga maji machafu kwa balkoni yakaniangukia, hakuna mtu atakayekutetea kwa kusema umelipa kodi. Sauti ni maji ambayo hayaonekani, tofauti ni hiyo tu.

"Mji wenyewe una kelele, mbona hamlalamiki kuhusu malori?" Lori linapita, bana. Treni ya mizigo inapiga honi, inaenda zake. Mwili unazoea kitu ambacho una hakika kitaisha. Kinachomchosha mtu ni kelele ya mtu mwingine ambaye angeweza kuizima kwa kidole kimoja na ameamua kutoizima. Hapo unalala huku unahesabu: wimbo huu ukiisha, labda. Huu sasa, labda. Unafika saa nane hujalala na una hasira ya kumpiga mtu.

"Ni nyimbo za Mungu." Hili watu wengi wanaliogopa, kwa hiyo acha niliseme wazi. Injili saa kumi na moja alfajiri kwa wufa ni kelele sawa na gengetone saa sita usiku. Ukuta haujui dini. Kanuni za nchi hii zenyewe zimeyawekea maeneo ya ibada kiwango kikali kuliko kile cha mitaa ya biashara, seuze sebule yako. Mungu anasikia pia kwa efoni.

Halafu kuna lile jibu la utamaduni, kwamba kupenda kimya ni uzungu, sisi Waafrika ni watu wa ngoma. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linatumia wazee wetu kama kisingizio. Wazee wa Dawida walikuwa na ngoma, ndiyo. Mwazindika inapigwa na milima inaitika. Lakini ngoma ile ilikuwa na sababu, na kila mtu wa kijiji aliijua hiyo sababu kabla mkono haujagusa ngozi. Ilikuwa na mwanzo na mwisho. Na nyumba zilikaa mbalimbali kwenye mteremko, na shamba katikati. Hata leo, ukiwa na matanga au harusi huko Wundanyi au Mgange, majirani wanajua, wengi wako hapo hapo wanapika. Hakuna anayelalamikia kelele ya shughuli aliyoalikwa. Wewe unacheza peke yako Jumanne usiku, hujaalika mtu, halafu unataja mila.

Sheria ipo. Tangu 2009 Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitikisiko, zinazosimamiwa na NEMA. Kwa eneo la makazi, ndani ya nyumba, kiwango ni desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo unaanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni kimya cha maktaba. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilipendekezea Ulaya desibeli 40 za usiku nje ya nyumba. Sisi nje tumeandika 35. Kwa karatasi, Voi inafaa kuwa tulivu kuliko Geneva. Feni yako ya mezani inaweza kuvunja sheria.

Kwa sababu namba ni za ndoto, watu wanazicheka, na wakizicheka wanadhani sheria yote ni bure. Si bure. Kanuni hizo hizo zinakataza kelele kubwa isiyo ya lazima inayomsumbua mwingine, na zinataja mambo ya kuangalia katika kupima: ni saa ngapi, ni karibu na makazi kiasi gani, inajirudia au la, imekuzwa kwa mitambo au la, na je, mwenye kuipiga angeweza kuidhibiti bila tabu wala gharama kubwa? Soma hiyo ya mwisho tena. Huhitaji mashine ya kupima desibeli kuijibu. Kitufe cha besi kiko mbele ya wufa. Kipande cha sponji ya godoro chini yake ni pesa kidogo. Kuitoa kwenye kona ya ukuta na kuisogeza ndani kidogo ni bure, na kona ndiyo inayoongeza besi. Efoni za bodaboda zinauzwa stendi. Kama umeshindwa na yote hayo, usiniambie ni shida ya ujenzi.

Ingawa ni shida ya ujenzi pia, na hapa ndipo nataka tuache kupigana sisi wenyewe kwa wenyewe kidogo. Mwenye ploti yuko wapi katika haya yote? Novemba 2022 kaunti ya Nairobi ilianza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi, na watu walipiga makofi. Katiba ya 2010 imeipa kila kaunti, ikiwemo yetu, kazi ya kudhibiti kelele. Sawa. Lakini kilabu kina bango na leseni, kinaonekana. Wufa ya nyumba namba kumi na nne haina leseni ya kufutwa. Mtu pekee mwenye nguvu juu yake ni yule anayepokea kodi kwa M-Pesa kila tarehe tano na hajawahi kulala hata usiku mmoja kwenye hiyo nyumba.

Soma karatasi aliyokusainisha. Usipige msumari ukutani. Usianike nguo upande wa barabara. Usiwashe jiko la makaa kwenye korido. Usifuge mbwa. Kodi ikichelewa, faini. Mstari wa kelele, kama upo, umeandikwa "tuishi kwa amani", maneno yasiyo na saa wala hatua. Msumari unamharibia plasta, kwa hiyo una kifungu. Usingizi wetu haumharibii kitu. Tukigombana, mmoja atahama, mwingine ataingia, depositi itakatwa ya kupaka rangi. Kwa hesabu yake hakuna hasara.

Na hii ndiyo sababu lile jibu la upole, "si uje tu uniambie, jirani", halitoshi. Ni jibu zuri kati ya watu wanaolingana. Kugonga mlango mchana, mkiwa mmetulia, salamu kwanza, habari za nyumbani, halafu unasema, "Kaka, ile besi inashuka yote kwangu, hebu teremka siku moja usikie," inafanya kazi zaidi ya watu wanavyodhani. Mtu akisikia kwa masikio yake akiwa amekaa kitandani kwako, huwa anaona haya. Ni bora mara mia kuliko kurusha ujumbe wa vijembe kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti saa saba usiku, "kuna watu hawakulelewa", ambao watu wote kumi na tisa wasiohusika wanajibu na mhusika haoni.

Lakini nani atagonga usiku? Msichana anayeishi peke yake nyumba namba tatu, agonge mlango wenye wanaume sita waliolewa? Mama mwenye mtoto mchanga? Mgeni wa juzi asiyejua hata Kitaita cha kusalimia? Kimya chao hakimaanishi wameridhika. Wanapima hatari na wanachagua kukosa usingizi. Kila mara tunaposema "mngeniambia tu", tunawalipisha hao gharama ya ujasiri ambao hawakupaswa kuhitaji. Keyateka ndiye anayelipwa kugonga. Na keyateka hatagonga kama hana kitu mkononi, kwa sababu na yeye ni mtu anayeweza kutukanwa na kusukumwa.

Kwa hiyo apewe kitu. Mistari mitatu kwenye ile karatasi. Saa: kuanzia saa nne usiku sauti ya nyumba yako isivuke mlango wako, na wikendi saa sita, tusijifanye malaika. Taarifa: ukiwa na bathdei, wajulishe majirani siku mbili kabla, na uwaambie itaisha saa ngapi. Hatua: mara ya kwanza keyateka anagonga, mara ya pili barua, mara ya tatu notisi ya kuhama. Sisi wapangaji wenyewe tukubaliane kwanza, tusaini, tumpelekee mwenye ploti kabla ya tarehe tano, ile siku anayotukumbuka. Nyumba kumi na mbili kati ya ishirini zikisaini karatasi moja hawezi kuziambia zote zikajenge kwao. Nani atamlipa?