Tuazime Maneno, Tusibadili Herufi

Kiswahili kiliazima neno "shule" kutoka Kijerumani, wala hapana aliyelazimika kujifunza herufi mpya ili alisome. Mwandishi wa programu za kompyuta naye huazima vivyo hivyo. Akitaka kipeuo cha pili katika lugha ya Python, huleta maktaba iitwayo math, kisha huita utaratibu wa sqrt, yaani fungu la amri lenye jina. Anayetilia shaka aweza kulifuata jina hilo hadi lilikotoka.

Lakini ziko maktaba zinazobadili maana ya alama zenyewe. Tuchukue lugha ya Lisp, aliyoibuni John McCarthy huko Marekani mwaka 1958. Katika tawi lake la Common Lisp, maktaba yaweza kuingia katika jedwali la kusomea na kuipa alama [ maana mpya. Mwandishi wake asipojihadhari, badiliko hilo hubaki, na faili zitakazosomwa baadaye hulirithi bila kuliomba.

Kwa nini alama zisiletwe kwa jina, kama taratibu zinavyoletwa? Kwa sababu kusoma herufi hutangulia kuelewa majina. Kompyuta haiwezi kutii agizo la kuleta maktaba kabla ya kulisoma, kama vile barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu isivyoweza kumfundisha hati hiyo asiyeijua. Ndiyo maana kanuni za lugha ya Scheme za mwaka 2007 ziliruhusu maktaba kutoa taratibu, hata miundo mipya ya sentensi, lakini si alama mpya za kusomea.

Sikatai kwamba alama maalumu zina faida: mwanahisabati hupenda kuandika matriki kama alivyozoea. Lakini gharama yake isimwangukie jirani. Lugha ya Racket imeonyesha njia: mstari wa kwanza wa faili hutaja lugha itakayotumika kuisoma, na athari yake hukomea katika faili hiyo.

Walimu wenzangu, mwanafunzi hujifunza mengi kwa kusoma programu za wengine. Alama zikibadilishwa kwa siri, atajiona mjinga ilhali kosa si lake. Tumfundishe kwanza kuupa kila utaratibu jina lililo wazi. Na akiwa hana budi kubadili alama, atangaze mlangoni, kabla mgeni hajaingia.