Mdundo Si Anasa ya Mjini

Mwandishi aliyedai kwamba muziki katika mazoezi ni anasa ya mjini, na kwamba mtu wa mashambani Ishiara anatosheka na jembe lake, amekosea.

Tazama Chuka, kwa majirani wa Ishiara. Wapiga ngoma wake hubana ngoma ndefu mapajani, wakapiga na kucheza kwa pamoja. Hayo ni mazoezi ya moyo, mapafu na miguu, nayo yalikuwepo kabla ya kumbi za mazoezi.

Sayansi nayo iko upande wao. Utafiti wa Costas Karageorghis nchini Uingereza umeonyesha kwamba kwenye mazoezi mepesi na ya wastani, muziki hupunguza uchovu anaouhisi mtu kwa takriban asilimia 10. Mwili unapofuata mdundo, hatua hulingana na nguvu haipotei ovyo. Mwaka 1998, mwanariadha Haile Gebrselassie alivunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 2,000 za ndani ya ukumbi mjini Birmingham huku wimbo "Scatman" ukipigwa uwanjani.

Jembe huchosha mgongo bila kumliwaza mwenye shinikizo la damu wala mzee mpweke. Zahanati na vikundi vya wazee Ishiara viwaite wapiga ngoma. Dawa hiyo tunayo tayari.